Kofia ya Mzee Muhindo

Mtaa mzima wa Mangobo ulijua kwamba Nyota ana wazimu wa kofia. Yeye mwenyewe alijua kwamba wanajua, na hakuona sababu ya kujitetea. Wapo wanaokusanya maneno ya watu; yeye alikusanya kofia, na kofia hazijawahi kugombanisha majirani.

Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na minane, wa ukoo mmojawapo wa Waislamu wa zamani wa Kisangani. Mchana kutwa alishona sare za shule na magauni ya kwaya. Ukutani, juu ya cherehani yake, zilining'inia kofia sitini na tatu: ya nahodha wa meli ya mto, ya karani wa forodha, ya mpiga tarumbeta, na za askari wa kila kipindi ambacho mji huu umekipitia, na mji huu umepitia vingi. Hakununua hata moja. Mtu akija na suruali iliyopasuka na kofia ya babu yake, aliondoka na suruali nzima na kichwa kitupu.

Sasa, kabla ya kumsifu, tuitaje na aibu yake. Miaka mitatu nyuma Nyota alipata kepi nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, akatangaza kwa kila mteja kwamba ni ya jenerali wa Kibelgiji. Akaja Évariste, adjudant mstaafu wa jeshi, mtu mwenye tumbo la heshima na maoni juu ya kila kitu. Akaigeuza kepi, akalowesha kidole kwa mate, akasugua chini ya ukanda wa ngozi, pakatokea muhuri wa bendi ya parokia. Mwaka mzima Nyota aliitwa Mon Général. Watoto wa shule walimpigia saluti akipita na ndoo ya maji. Alicheka nao, kwa meno tu. Tangu hapo aliapa kutotangaza kofia yoyote kabla ya kuiona ndani, upande ambao fundi hakutarajia mtu autazame.

Jumanne moja, saa nane mchana, Adeline aliingia na mfuko mweusi wa plastiki kwapani. Adeline alikuwa Mnande, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni za jumla, mwanamke ambaye hata wachukuzi wa bandarini walimwogopa. Lakini siku hiyo aliingia kama mtu aliyeiba kuku. Alikuwa bado na nguo nyeusi. Mama yake, Kyakimwa, alifariki mwaka uliopita, na Jumamosi hiyo familia ingeondoa matanga.

"Mama Nyota, funga mulango kwanza," alisema.

Nyota akafunga. Adeline akatoa kofia na kuiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Ilikuwa kofia ya kijeshi ya vitani, laini, isiyo na ukingo wa mbele, ya kukunjwa bapa na kuchomekwa mkandani. Pande zake mbili zilikuwa na mikunjo mipana, imeinuliwa na kufungwa kwa kifungo kimoja utosini. Na ilikuwa ya madoa: kijani, kahawia, na manjano iliyochoka. Nyota akaelewa kwa nini mlango umefungwa. Katika nchi hii nguo ya madoa si ya raia. Ukikutwa nayo utaeleza mpaka ulimi ukauke.

"Nilikuta ndani ya malle, sanduku ya mama," Adeline alisema. "Ilikuwa ya koko yangu, papa ya mama. Muhindo."

Akamsimulia. Mzee Muhindo alikuwa askari enzi za Wabelgiji, kisha akastaafu na kulima mpunga pembeni ya mji. Mwaka 1967 mamluki wazungu waliasi hapa Kisangani, wakapigana, wakakimbia. Baada ya hapo jirani mmoja akapeleka maneno kwamba nyumbani kwa mzee kuna kofia ya madoa kama za wale wazungu. Wakaja watu wenye bunduki. Kofia hawakuipata, kwa sababu Kyakimwa aliizika ndani ya gunia la mpunga, lakini mzee walimchukua, na hakurudi. Tangu hapo jina lake halikutajwa katika familia ile ila kwa sauti ya chini.

"Tonton Évariste ameiona," Adeline aliendelea. "Amesema iko ya bamercenaire, bale mamluki, hakuna discussion. Yaya Élie anataka kuichoma Jumamosi, pamoja na pagne zetu nyeusi." Élie alikuwa kaka yake mkubwa na mkuu wa familia. "Mi siwezi kuona moto inakula kitu ya mama. Donc, ichukue. Nitaambia yaya panya zimeikula. Lakini usiikate, usitie hata sindano. Uko unajua."

Nyota alijua. Nyumbani kwa akina Adeline kitu cha marehemu hakiguswi na mkasi wala sindano mpaka matanga yaondolewe. Mwaka mzima, hata kifungo kikidondoka kinaachwa kilipodondokea.

Tusimfiche Nyota: moyo wake uliruka. Kofia ya sitini na nne, tena ya ajabu kuliko zote, na hata pindo la suruali hakulishona kuipata. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda ukutani kutafuta msumari ulio wazi. Kisha Adeline, mkono tayari uko kwenye kitasa, akasema jambo lililoiharibu furaha ile.

"Mama alikuwa anaomba kitu moja tu mbele ya kufa. Jina ya papa yake isomwe siku ya kuondosha matanga, pamoja na bengine ba famille balikufa. Yaya amekataa. Anasema jina ya mutu wa bamercenaire haiwezi kusomwa mbele ya batu."

"Na weye unasema nini?"

"Niseme nini, mama? Sikumujua. Bote banasema vile."

Akatoka. Nyota akabaki na kofia, na maneno yale ya mwisho yakamkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Alivuta kiti mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Alitaka kuitazama tu, kwa raha ya macho. Lakini fundi hawezi kutazama nguo bila kuihoji. Alifungua kifungo cha utosini; mikunjo ikashuka ikafunika masikio na shingo, ikafungika tena chini ya kidevu. Akaivaa mbele ya kioo na jasho likamtoka palepale. Ni nani huyo wa kupigana Kisangani aliyehitaji kufunika masikio? Hapa hata mvua ina joto.

Akashusha ukutani kofia zake mbili za madoa za miaka ile ya sitini, alizozificha nyuma ya nyingine, na kuziweka pembeni ya hii. Madoa ya hizo mbili yalikuwa membamba, yamepita kama alama za fagio uani. Ya Muhindo yalikuwa mapana na yametulia. Tena kitambaa chenyewe kilikuwa kigumu, kimesukwa kwa kubana. Alipodondosha tone la maji, lilikaa juu yake likitetemeka, likakataa kuingia. Kofia hushonwa kwa kitambaa kinachopumua. Hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya kichwa cha mtu.

Ndipo kidole gumba chake kikagusa kitu karibu na mshono wa kisogo, kitu kama kovu. Akainama. Lilikuwa tundu la kifungo, limezibwa kwa uzi. Pembeni kidogo, la pili. Kifungo kisogoni kwa kazi gani? Nyota alikuwa amekata nguo miaka arobaini, na hakuwahi kuona fundi anayetoboa tundu kisha akalishona lisionekane. Tundu lile lilikuwepo kabla ya kofia.

Akakaa wima kwenye kiti. Kumbe miaka yote hiyo watu waliuliza kofia ile ilikuwa ya nani. Hakuna aliyeuliza ilikuwa nini kabla haijawa kofia.

Huko Kindu alikuwepo rafiki yake wa simu, Rashidi, mwalimu mstaafu anayekusanya beji na picha za vita. Nyota hakumtumia picha ya kofia, maana naye angejibu kama wote. Alimtumia picha ya kitambaa peke yake, karibu kabisa, na ya tundu lililozibwa. Akaandika: "Papa Rashidi, sahau nguo. Kitu gani ya askari ilikuwa na kitambaa hii, na vifungo pembeni?"

Jibu lilikuja kabla alasiri haijakwisha. Ilikuwa picha kuukuu: wazungu wawili wameketi mbele ya hema dogo la madoa, na hema lenyewe ni vipande vilivyounganishwa kwa vifungo. Chini yake ilikuja sauti ya Rashidi, ya taratibu kama ya darasani. "Mama Nyota, ile iko hema ya Baitaliani. Beye balikuwa na kitambaa ya madoa tangu mbele ya vita ya quarante, ile ya pili ya dunia, wakati huku kwetu hakuna mutu alikuwa anaijua. Umeipata wapi?"

Nyota aliweka simu chini akapiga makofi, peke yake chumbani, mbele ya kofia sitini na tatu. Waitaliano hawakuwahi kupigana Kisangani. Lakini askari wa Kongo waliwafuata Waitaliano mpaka Abyssinia, yaani Uhabeshi, mwaka 1941, nchi ya milima na baridi, wakawashinda huko na kuchukua maghala yao. Askari amenyeshewa miezi, kofia yake imeoza kichwani, na hema la adui liko miguuni pake. Atafanya nini? Atalikata. Na kama ndivyo, basi siku mamluki walipoasi mjini, kofia ya Muhindo ilikuwa na miaka ishirini na sita. Mzee alichukuliwa kwa kosa ambalo kofia yake isingeweza kulifanya.

Lakini hilo *kama* lilikuwa kubwa. Nje ya kofia hapakuwa na muhuri wala herufi. Kama palikuwa na neno, lilikuwa chini ya bitana, na bitana haikuruhusiwa kufunguliwa. Tena palikuwa na jambo jingine, ambalo Nyota alilitazama usoni bila kujidanganya. Akinyamaza, kofia ni yake. Akisema, na ikawa kweli, hakuna familia duniani itakayoitoa. Aliutazama msumari ulio wazi kwa siku mbili, akautukana kimoyomoyo, kisha akavaa viatu vya kutokea.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Alipanda pikipiki mpaka dukani kwa Élie. Huyu alikuwa mzee wa karibu miaka sabini, mrefu, mwenye adabu inayouma kuliko matusi. Alimpa kiti, akamwagizia maji baridi, akamsikiliza mpaka mwisho: masikio, tone la maji, matundu, hema. Kisha akavua miwani na kuifuta.

"Mama Nyota, mi nakuheshimia. Lakini ile kepi ya fanfare, ni weye ulisema iko ya général?"

"Ni miye."

"Bon. Na hii, umeona ndani?"

"Sijaona. Sina ruhusa ya kukata mbele ya Jumamosi."

"Jumamosi itachomwa." Élie akarudisha miwani puani. "Lakini dada yangu aliniambia panya zimeikula. Inaonekana panya yenyewe inajua kushona. Uirudishe, tafadhali."

Hapo Nyota akauma mdomo. Kwa haraka ya kusema ukweli alikuwa amemchongea Adeline, na amejinyang'anya kofia kwa mkono wake mwenyewe. Alirudi Mangobo amechukia: amemchukia Élie na miwani yake, amechukia kepi ya parokia, amejichukia yeye mwenyewe zaidi. Jioni ile ile akaifunga kofia katika kitambaa safi na kumpelekea Adeline. Adeline hakumlaumu. Alimwambia tu, "Kuja Jumamosi, mama. Usibakie nyumbani."

Asingebaki hata kwa kufungwa kamba.

Jumamosi, familia ilirudi kutoka misani saa tano. Ua ulikuwa umetandikwa turubai na viti vya plastiki, na nyuma ya nyumba wanawake walitwanga ndizi za lituma huku samaki wa Yanonge wakichomwa. Katikati ya ua palikuwa na nusu ya pipa, moto unawaka ndani yake. Nyota aliketi mstari wa kwanza kama aliyealikwa na maiti mwenyewe, amevaa gauni la kijani, na ndani ya fundo la kitambaa chake cha kichwa palikuwa na wembe mpya uliozungushiwa karatasi.

Shangazi mkubwa wa familia, Mama Prudence, alisimama na mkasi. Desturi yao ni kwamba yeye hukata uzi mmoja wa kila nguo nyeusi, ndipo wenye matanga huivua na kubaki na nguo za rangi walizozivaa chini yake. Mkasi ukalia kwa Adeline, ukalia kwa dada zake. Mwaka mzima wa miiko ulikuwa umekwisha. Pagne nyeusi zikaingia motoni, moshi ukapanda, watu wakapumua.

Élie akatokea mlangoni, kofia iko kwenye vidole viwili, ameishika kama panya aliyekufa. Adeline akageuza uso. Nyota akasimama.

"Papa Élie, mukasi imelia," alisema. "Sasa naweza kuikata."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja nyuma akasema "Mon Général" kwa sauti ya kutosha, na wengine wakacheka. Évariste, aliyeketi pembeni ya kreti ya bia na suti yake ya kaunda, akanyanyua kidole.

"Mama, hii question tulikwisha kuimaliza. Madoa ni bamercenaire. Mi nilivaa uniforme miaka makumi tatu."

"Ndiyo maana nataka kukuuliza weye, papa adjudant." Nyota alimgeukia kwa heshima zote. "Soixante-sept, mwaka ya bamercenaire, hapa Kisangani kulikuwa baridi?"

"Baridi?" Évariste akacheka. "Hapa?"

Nyota akanyoosha mkono. Élie alisita, kisha, kwa sababu ya watu, akampa kofia. Nyota akafungua kifungo cha utosini na kushusha mikunjo. "Basi hii masikio iko ya kazi gani? Mutu anapigana hapa na jua hii, anajifunika masikio?"

Kicheko kikahama. Évariste akanywa bia kidogo. Nyota hakumpa nafasi. Akachukua bilauri ya maji mezani, akadondosha tone juu ya kofia, akapita mstari wa mbele akimwonyesha kila mmoja tone linavyokataa kuingia. Akawawekea vidole vyao juu ya matundu yaliyozibwa, kimoja kimoja, kama mtu anayefundisha. Mama Prudence, ambaye alishona maisha yake yote, aligusa mara moja tu na kusema, "Hii ilikuwa turubai." Hapo ua mzima ukasogeza viti.

"Hema," Nyota alisema. "Hema ya Baitaliani. Sasa kama nimejidanganya, ndani hamutakuta kitu, mutaichoma, na mutaniita Mon Général mpaka kaburini. Papa Élie, nipe ruhusa."

Élie hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama mikunjo ile iliyoshuka, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Nyota hakukielewa. "Kata," alisema. "Kisha tumalize."

Nyota aliketi, akaiweka kofia pajani, akatoa wembe. Mwaka mzima wa saluti za watoto ulikuwa umesimama nyuma yake. Bitana ilikuwa ya shati kuukuu la kaki, imeshonwa kwa mkono, mishono mifupi ya mtu asiye fundi lakini mwenye subira. Akakata wa kwanza. Wa pili. Uzi ulikuwa mkavu na ulikatika kwa sauti ndogo kama chumvi motoni. Alipofika nusu ya duara akaigeuza bitana nje.

Ndani kitambaa kilikuwa kipya. Madoa yalikuwa na rangi zake za ujana, kijani kabisa, kwa kuwa jua halikuwahi kuyaona. Na katikati, kwa wino wa zambarau, palikuwa na maandishi ya herufi kubwa.

Nyota aliyasoma kwanza moyoni, kwa sababu alitaka kuwa na ile furaha peke yake kwa pumzi moja. Kisha akainua kichwa.

"Imeandikwa SAIO," alisema. "Na chini yake, 1941."

Kisha kiti kikaanguka. Évariste alikuwa amesimama, tumbo limeingia ndani, mikono imenyooka mapajani.

"Saïo," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya maoni. "Miye nililala miaka ine ku Camp Saïo, kule Bukavu. Walitufundisha. Saïo, kule Abyssinia, juillet quarante et un, bajenerali ya Baitaliani banaweka silaha chini mbele ya askari wetu." Akamgeukia Nyota. "Miaka ine nilipita chini ya ile jina kila asubuhi. Mama Nyota, mi nilikosea. Niko naisema mbele ya batu yote."

Ua ukalipuka kwa maneno. Adeline alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Nyota angeweza kufa pale na kuhesabu maisha yake kuwa yamelipwa, lakini alikuwa fundi, na kazi haikuwa imekwisha. Saïo ilisema kofia ilitoka wapi. Haikusema ni ya nani. Kofia huokotwa, hurithiwa, huibwa, na yeye ndiye aliyejua zaidi ya wote. Akalowesha kidole, akasugua taratibu chini ya mwaka.

"Kuna numéro hapa," alisema. "Matricule ya askari. Quatre... un... trois..." Akaisogeza kwenye jua. Baada ya tatu ile, jasho la mwenyewe lilikuwa limekula wino, pamebaki kivuli tu. "Quatre, un, trois. Ingine imefutika."

"Zéro, sept."

Hakujua nani amesema. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtoto karibu. Akageuka na kumwona Élie ameketi kwenye ngazi ya mlango, magoti juu, miwani mkononi.

"Quatre, un, trois, zéro, sept," Élie alirudia. "Alikuwa ananisomesha kila asubuhi mbele ya chai. Nikikosa, hakuna sukari. Nilikuwa na miaka kumi."

Hata nyuma ya nyumba mchi ulikuwa umenyamaza.

"Alikuwa ananiambia habari ya mulima yenye baridi," Élie aliendelea, akiitazama kofia na si watu. "Anasema maji ilikuwa inakuwa ngumu kama jiwe, asubuhi. Anasema wazungu bakubwa balitoka na mikono juu, na yeye alikuwa pale anabaona. Anasema alikata nyumba ya adui akaivaa ku kichwa. Mi nilikuwa namwamini. Kisha bakamuchukua, na bote bakasema, koko yako ni mutu wa bamercenaire, ile madoa umeiona na macho yako. Nikasema basi, ile mulima yote ilikuwa uongo." Akaigeuza miwani mkononi. "Miaka makumi tano na zaidi nimemukasirikia. Na hakunidanganya. Koko hakunidanganya hata siku moja."

Akalia, mzee yule mrefu, bila kujificha, na Adeline akaenda kuketi kando yake kwenye ngazi. Nyota naye alilia, na wakati huohuo alikuwa anacheka, na hakuona haya kwa lolote kati ya hayo mawili.

Baadaye kidogo Élie alisimama. Alitoa karatasi mfukoni, orodha ya wafu wa familia aliyokuwa ameiandika kwa mkono wake, akaazima kalamu ya Évariste. Hakuandika chini kabisa, palipokuwa na nafasi. Aliandika juu, juu ya majina yote, herufi zikabanana. Kisha akasoma, na kila jina lilipotajwa ua ulijibu, apumzike kwa amani, kama Wakatoliki wanavyofanya.

"Muhindo," alisoma. "Askari. Quatre, un, trois, zéro, sept. Papa ya mama yetu Kyakimwa."

Jibu lilitoka kwa nguvu hata kuku wakatawanyika. Nyota, ambaye kwa heshima ya dini yake alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, alijikuta amejibu pamoja nao, kwa sauti, kabla hajafikiri.

Orodha ilipokwisha, Élie akamwendea. Alikuwa amerudisha miwani na adabu yake, lakini adabu safari hii haikuuma.

"Mama Nyota, hii kofia siwezi kukupa. Uko unaelewa."

"Nilielewa tangu Jumanne, papa."

"Lakini sipendi ibakie wazi vile. Unaweza kuishona tena?"

Mtoto mmoja alitumwa kuleta sindano. Wali, lituma na samaki vilikuwa vimekwisha pakuliwa, lakini hakuna aliyeanza kula. Nyota alikataa uzi mpya wa nailoni, akachomoa uzi wa pamba kwenye pindo la gauni lake mwenyewe. Hakutoboa tundu hata moja. Aliipitisha sindano katika matundu yaleyale aliyoyatoboa Muhindo kule mlimani, moja baada ya jingine, kwa mishono mifupi, akifuata mkono wa mtu ambaye hakuwahi kumwona na ambaye sasa alimjua kuliko wengi aliosalimiana nao kila siku. Mahali penye namba akapaacha wazi, upana wa vidole vitatu, ili mtu yeyote akitilia shaka aweze kusoma.

Élie alisimama juu yake muda wote, akimkinga jua kwa kivuli chake, mpaka alipokata uzi kwa meno.